Ndiyo, Hajameza: Mawasiliano Kazini kwa Watu wa Lugha Mbili

 

Karibuni tena katika safu yetu ya Lugha na Kazi. Toleo hili tunazungumzia mawasiliano kazini: njia zinazotumika, na namna ya kuchagua njia inayofaa. Najua mada hii hufundishwa kwa mishale na visanduku. Hapa yupo mtoa ujumbe, pale yupo mpokeaji, katikati kuna ujumbe, na mshale mmoja unarudi nyuma ukiitwa mrejesho. Ukishachora hivyo kwenye mtihani, umepata alama zako. Lakini visanduku havisemi kitu kuhusu mhudumu aliyesimama ukumbini saa moja na nusu asubuhi, amechoka, anamsubiri mwenzake wa zamu ya mchana ili amwambie mambo kumi na saba kwa dakika tano.

Nimechagua kuzungumzia nyumba za wazee hapa Uingereza, kwa sababu ndizo zinazotugusa zaidi. Baadhi yetu tunafanya kazi huko wikiendi. Wengine ni mama, shangazi au binamu zetu. Mwezi Februari 2022 serikali iliongeza wahudumu wa wazee katika viza ya wafanyakazi wa afya, na ndugu na jamaa wa watu tunaowajua wakaja kwa njia hiyo, hadi mlango ulipofungwa Julai 2025 kwa wanaoajiriwa wakiwa nje ya nchi. Kwa hiyo kuna watu wengi wanaofikiri kwa Kiswahili, wanaoandika ripoti kwa Kiingereza, na wanaomhudumia mtu ambaye uhai wake unategemea ripoti hiyo.

Njia zenyewe

Tuzitaje haraka. Kuna mdomo: makabidhiano ya zamu, mkutano, maneno ya ukumbini. Kuna maandishi: mpango wa huduma wa kila mkazi, taarifa za kila siku (siku hizi nyingi zinaandikwa kwenye simu ya kazi au kishikwambi), karatasi ya dawa, barua pepe, tangazo ukutani. Kuna simu, kuna kundi la WhatsApp, na kuna kengele ya chumbani. Kuna pia mwili: uso, mkono, na kunyamaza.

Watu huuliza njia ipi ni bora. Swali hilo halina jibu, kama vile huwezi kuuliza kijiko na kisu kipi ni bora. Kuna maswali mawili ya maana zaidi. La kwanza: nani atahitaji habari hii, na lini? La pili: asipoipata, nini kitatokea? Kama atakayeihitaji ni mtu ambaye bado hajafika kazini, mdomo peke yake hautoshi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama asipoipata mtu anaweza kufa, basi daftari nalo peke yake halitoshi.

Karatasi iliyoachwa mezani

Mfano unaojulikana sana hapa Uingereza unatoka kwenye sekta ya mafuta. Tarehe 6 Julai 1988 mtambo wa Piper Alpha, uliokuwa Bahari ya Kaskazini mbali na pwani ya Uskoti, ulilipuka na kuteketea. Watu 167 walikufa. 61 waliokuwa kwenye mtambo waliokoka.

Palikuwa na pampu mbili, A na B. Siku hiyo Pampu A ilikuwa imezimwa, na vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa ili ipimwe. Jioni ilifika kazi haijaisha, basi tundu lilipotoka vali likafunikwa kwa kifuniko cha chuma. Kibali cha kazi hiyo kilijazwa na kuachwa kwenye chumba cha udhibiti. Lakini watu wa zamu ya usiku hawakuambiwa kwa mdomo kwamba vali haipo.

Karibu saa nne usiku Pampu B ilizima na ikakataa kuwaka. Wafanyakazi wakatafuta vibali vya Pampu A. Walikiona kibali cha matengenezo ya pampu yenyewe, ambayo yalikuwa hayajaanza. Kibali cha vali hawakukiona, kwa sababu vibali hivyo viwili havikuwekwa pamoja. Wakaona pampu ni nzima, wakaiwasha. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen uliona kwamba yamkini gesi ilivuja hapo ndipo mlipuko ukaanza. Ripoti yake ya mwaka 1990 ilikuwa na mapendekezo 106, na makabidhiano ya zamu na utaratibu wa vibali vilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyakosoa.

Ona kwamba hakuna aliyekosa kuandika. Karatasi ilikuwepo, lakini ilikuwa imelala mahali ambapo mwenye haja nayo hakupaangalia. Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mwenzako amesoma, au umemwambia, na yeye amekurudishia kwa maneno yake mwenyewe.

Uji wa nani?

Sasa turudi nyumba ya wazee. Tuseme yupo mzee ambaye amepata kiharusi, na kumeza kumekuwa shida. Asubuhi anakuja mtaalamu wa kumeza, anampima, na kuagiza kwamba kuanzia leo vinywaji vyake vyote viwekewe unga maalumu wa kuvifanya vizito. Akinywa chai nyepesi kama kawaida, inaweza kuingia njia ya hewa na kwenda mapafuni.

Nani anahitaji habari hii? Mhudumu wa mchana, mhudumu wa usiku, muuguzi, mpishi, mtu anayepitisha chai saa kumi, na binti wa mzee anayekuja Jumapili na chupa ya juisi. Ni watu sita wasiokutana hata siku moja katika chumba kimoja. Mdomo utawafikia wawili. Mpango wa huduma utawafikia watatu, kama wataufungua. Mpishi na mpitisha chai hawafungui mpango wa huduma, wanaangalia orodha ya jikoni. Binti haangalii chochote kati ya hivyo. Yeye anahitaji mtu wa kukaa naye na kumweleza. Habari ni moja, lakini njia ni nne, na ukiacha moja tu kuna kikombe kitakachofika mezani kikiwa chepesi.

Halafu kuna suala la maneno yenyewe. Kinywaji kiwe kizito kiasi gani? Hapa Kiswahili kinatupa jibu rahisi: kama uji. Lakini uji wa nani? Kuna uji mwepesi wa mgonjwa, na kuna ule ambao kijiko kinasimama wima. Nyumbani kwetu mama na bibi hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili. Ndiyo sababu wataalamu waliweka namba kutoka 0 hadi 7: vinywaji vinaanzia 0, ambacho ni chepesi kama maji, hadi 4, na vyakula vinaanzia 3 hadi 7, ambacho ni chakula cha kawaida. Ukisema "namba 2" kwa Kiingereza, Kiswahili au Kipolandi, kikombe ni kilekile. Ukisema "kizito kidogo", kila mtu anakoroga wa kwao.

Mitego mitatu ya kwetu

Hadi hapa mambo niliyosema yanamhusu kila mfanyakazi. Sasa nije kwenye mambo yanayotuhusu sisi tunaobeba Kiswahili kichwani.

Mtego wa kwanza ni neno "ndiyo". Ukiniuliza kwa Kiswahili, "Bibi hajameza dawa?" nami najua hajameza, nitajibu, "Ndiyo, hajameza." Ndiyo yangu inakubaliana na usemi wako: ulivyosema ndivyo. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kwa Kiingereza jibu linafuata tukio lenyewe: kama hajameza, jibu ni hapana, swali liwe limeulizwa vyovyote. Sasa fikiria muuguzi Mwingereza anauliza, kwa Kiingereza, kama bibi hajameza dawa. Mhudumu anayefikiri kwa Kiswahili anajibu ndiyo kwa Kiingereza, kisha anaitwa na kengele kabla hajamaliza sentensi. Muuguzi ameelewa kwamba dawa imemezwa. Ukigeuza mambo, yaani bibi amemeza lakini mhudumu akajibu hapana akimaanisha "hapana, si kweli kwamba hajameza", muuguzi anaweza kumpa dozi ya pili. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa sahihi katika lugha yake.

Walimu wetu watatueleza vizuri zaidi jambo hili kwa upande wa isimu, nami ninawaomba wafanye hivyo darasani. Kwa upande wa kazi, dawa yake ni ndogo: usijibu swali la kukanusha kwa neno moja. Sema sentensi nzima. "Hajameza. Vidonge bado viko kwenye kikombe." Na wewe unayeuliza, usiulize kwa kukanusha. Uliza, "Amemeza vidonge vya asubuhi?"

Mtego wa pili ni saa. Saa mbili ya Kiswahili ni nane ya Kiingereza. Hili tunalijua sote tangu utotoni, na ndiyo maana tunalidharau. Lakini sikiliza jinsi sisi tuliokulia hapa tunavyosema. Mmoja anasema saa mbili akimaanisha saa mbili ya Kiswahili. Mwingine anasema saa mbili akiwa ametafsiri namba ya Kiingereza moja kwa moja, yaani mchana saa nane. Wa tatu anachanganya kabisa, anasema saa kwa Kiswahili na namba kwa Kiingereza. Wahudumu wawili wakikabidhiana kwa Kiswahili na mmoja akasema kwamba dawa ya maumivu imetolewa saa mbili, kuna tofauti ya saa sita kati ya maana moja na nyingine. Kwa dawa ambayo lazima isubiri saa nne kabla ya kurudiwa, saa sita si jambo dogo. Kazini, kwa lugha yoyote utakayotumia, taja saa kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya dawa: 08:00, 14:00, 20:00. Saa mbili ya Kiswahili tuiweke kwa ajili ya harusi, ambazo hata hivyo hazianzi kwa wakati.

Mtego wa tatu ni mdogo lakini upo. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi: amekula, amelala, ameanguka. Ndiyo maana wengi wa wazazi wetu, wakizungumza Kiingereza haraka, humwita babu kwa kiwakilishi cha bibi. Nyumbani tunacheka. Lakini katika nyumba ya wazee kuna mume na mke wanaolala chumba kimoja, na ukisema kwamba mmoja wao ameanguka, inabidi ijulikane ni nani. Taja jina, kila mara, hata kama unaona unarudiarudia.

Heshima si kunyamaza

Sisi tumelelewa kuwaheshimu wakubwa. Mtu akiwa na umri wa mama yako, humwambii "umekosea". Unapita mbali, unasema, "Labda..." au unanyamaza kabisa. Malezi haya ni mazuri na sitaki tuyatupe. Lakini kazini kunyamaza nako ni ujumbe, na mkubwa wako atausoma kama "kila kitu kiko sawa".

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia ndege wakati wa ukungu. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alikuwa mmoja wa marubani wakuu wa shirika lake. Alipoanza kuruka, mhandisi wa ndege aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani alijibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ajali hiyo ni miongoni mwa zile zilizofanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha wadogo kusema, na wakubwa kusikiliza.

Hospitali nyingi, na nyumba nyingi za wazee, zinatumia mpangilio wa hatua nne ulioanzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani. Kwa Kiswahili naupendekeza hivi: Hali, Historia, Tathmini, Ombi. Uzuri wake ni kwamba unampa mdogo mahali pa kusimama. Hasemi "umekosea", anasema alichokiona na anachokiomba. Na heshima inabaki. Sikiliza:

"Dada, samahani nakukatiza. Mama wa chumba namba 12 anahema kwa shida tangu 15:10. Ana ugonjwa wa moyo, na jana alianza kukohoa. Naona huu si uchovu wa kawaida. Naomba uje umwone sasa hivi."

Sentensi tano zimetosha. Samahani imo, dada imo, naomba imo. Salamu ndefu tu ndiyo iliyoachwa, na hiyo itarudi wakati wa chai.

Simu mfukoni

Kundi la WhatsApp lina kazi yake. Kutafuta mtu wa kushika zamu ya Jumamosi, kutangaza kwamba barabara imefungwa, kumpongeza aliyejifungua: kwa hayo hakuna njia nzuri zaidi. Lakini halifai kuwa daftari. Jina la mkazi, picha ya kidonda chake au habari za dawa zake zikiingia kwenye simu yako binafsi, zimetoka mahali zinapolindwa kisheria. Tena ujumbe wa saa tatu asubuhi, ikifika saa tisa, umeshazikwa chini ya picha za keki. Na aliye likizo, au asiye na simu ya namna hiyo, hayumo.

Ujumbe wa sauti ndio mgumu zaidi. Wazazi wetu wanaupenda kwa sababu unabeba sauti, na Kiswahili chetu ni lugha ya sauti. Lakini ujumbe wa dakika nne, ambao dakika mbili za kwanza ni za kuulizia watoto, haufai kubeba habari ya mtu aliyeanguka. Huwezi kuupitisha macho haraka, na huwezi kuusikiliza ukiwa umemshika mzee mkono.

Kiswahili kazini: wapi na wapi?

Swali hili huletwa sana katika vikao vya chama. Je, ni vibaya wahudumu wawili kuzungumza Kiswahili kazini? Maoni yangu ni haya. Katika chumba cha mapumziko, zungumzeni mpaka mchoke. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili ya taifa, kwa hiyo mwajiri anayepiga marufuku lugha ya mtu hata wakati wa mapumziko, bila sababu ya msingi ya kazi, anaweza kujiingiza matatani. Lakini mkiwa mmemsimamia mzee kitandani, mmoja kulia na mmoja kushoto, mkamgeuza huku mnaongea Kiswahili juu ya kichwa chake, mmemtoa mtu huyo ndani ya chumba chake mwenyewe. Hata kama mnaongelea bei ya mchele, yeye atadhani anasemwa. Na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau atazidi kuogopa. Sisi wenyewe tunajua uchungu wa kukaa kati ya watu wanaoongea lugha usiyoijua vizuri; wengi wetu tumeuonja tulipokwenda likizo kwa ndugu zetu.

Kuna upande wa pili. Siku moja atafika mgonjwa au mkazi anayezungumza Kiswahili, Kibrava au Kingazija, na msimamizi atakuangalia wewe. Kumuuliza kama anataka maji, au kama ana maumivu, ni wema, fanya. Lakini kutafsiri maneno ya daktari kuhusu upasuaji, au kumwuliza mtu kama anakubali matibabu fulani, ni kazi ya mkalimani aliyesomea. Mwongozo wa huduma ya afya ya taifa unasema wazi kwamba ndugu na marafiki wasitegemewe kwa ukalimani, na mgonjwa halipii mkalimani. Kusema "naomba aitwe mkalimani" si kukimbia jamaa yako, ni kumlinda. Kiswahili chetu cha nyumbani kinajua jina la kila kiungo cha pilau, lakini kongosho na wengu wengi wetu tunavijua kwa Kiingereza tu.

Msamiati wa toleo hili

Makabidhiano ya zamu: kupeana habari na majukumu wakati zamu moja inatoka na nyingine inaingia.
Mpango wa huduma: maandishi yanayoeleza mahitaji ya mkazi mmoja na namna ya kumhudumia.
Mrejesho: jibu la mpokeaji linaloonyesha alichokielewa.
Kishikwambi: kifaa kama simu kubwa, cha kusomea na kuandikia.
Kongosho: kiungo kilicho karibu na tumbo, kinachotengeneza insulini.
Wengu: kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, kinachosafisha damu.

Kazi ya nyumbani kwa wanachama: wiki hii, kila utakapoulizwa swali la kukanusha kwa Kiingereza, sikiliza ulimi wako unataka kujibu nini kwanza. Andika mifano miwili au mitatu na uilete kwenye kikao cha Alhamisi. Mwenye mzazi anayefanya kazi hii amuulize pia yeye hutumia saa gani anapokabidhi zamu. Tutayaweka majibu pamoja na kuwapa walimu, na yaliyo bora yatachapishwa hapa.

Toleo lijalo tutazungumzia barua ya kuomba kazi: kwa nini Kiswahili chake huanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", na kwa nini Kiingereza chake hakifanyi hivyo. Hadi hapo, kazi njema.